Kamera nyepesi niliyoichagua mimi

Leo nimechagua kamera vibaya.

Mjomba anapiga picha kwa kamera kubwa za mbao. Asubuhi aliniambia nichague moja, twende Nzuguni tukampige Bibi picha.

Nikachukua nyepesi, maana mbebaji ni mimi. Lenzi sikuifikiria.

Filamu ilikuwa moja tu, ya picha moja, na Bibi alishavaa kitenge kipya.

Mjomba alipofunga ile lenzi nzito, kamera ikainama mbele. Akainyanyua, ikainama tena.

"Inasinzia kama babu yenu kanisani," Bibi akasema. Akaacha kiti, akaja kuishikilia lenzi kwa mikono miwili.

"Sasa tunampiga nani, mama?" Mjomba akauliza.

"Huyo anayejificha nyuma ya begi."

Mimi, niliyekwepa hata picha ya kuhitimu.

Nikakaa. Nilikuwa nimechoka mno, hata kuona aibu sikuweza.

Nyie mngemkatalia?