Nilinyamaza baba aliponiuliza kuhusu chuo, kila mtu akasikia jibu lake

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu shikamooni.

Kuna mzazi humu kauliza kama amtoe binti yake sekondari ampeleke chuo cha bweni kinachochukua watoto mapema. Nilianza kumjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona bora nifungue uzi. Sijasoma sana, mtanivumilia. Haya yamenipata mwenyewe, na nilipokuwa sina uhakika nitasema sina uhakika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Biashara ruksa, mitumba imejaa minadani, na watu binafsi wanafungua shule na vyuo kila upande.

Sisi tulikuwa Bahi, baba analima mpunga. Nilikuwa namaliza form two, shule ya kutwa, na biology nilikuwa naipenda kweli.

Chuo kimoja, njia ya kwenda Singida, kikaja na utaratibu mpya. Wanakuchukua baada ya form two, unakaa bweni, unamalizia masomo ya form four huku unasomea mifugo. Ukitoka una vyeti viwili. Shule yetu ikapewa nafasi ya msichana mmoja, na anasomeshwa bure. Mwalimu wa biology akanitaja mimi.

Nikaanza kupima.

Chuo kilikuwa na bweni, na mimi masika nilikuwa nafika darasani na tope la majaruba ya mpunga mpaka magotini. Halafu unatoka na kazi mkononi.

Lakini mwalimu wa hesabu aliniambia, "Ukienda kule form six uisahau." Na mimi form six nilikuwa naiota. Pia, niseme ukweli, mbuzi sikuwapenda kiasi hicho.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ananicheka. "Unakwenda kusomea ng'ombe? Hawa wa hapa nyumbani umeishi nao miaka yote, wamekufundisha nini?"

Jioni moja baba alirudi shamba, akanawa, akaniita. Mama yupo, shangazi yupo.

Akasema, "Mama," maana nina jina la mama yake, "mwalimu wako kanieleza. Mimi sikupangii. Dunia imebadilika. Sema mwenyewe, unakwenda au unabaki?"

Sasa hapa niwaeleze kidogo. Kwetu msichana akiulizwa jambo kubwa mbele ya wakubwa hadakii jibu. Anainamisha macho, na shangazi ndiye anayesema, "Kanyamaza, karidhia." Ilikuwa ya mambo ya posa, ila nyumbani tuliitumia kwa kila kitu, hata ukiulizwa kama umeshiba.

Basi nikainama, nikachezea ukili wa mkeka.

Baba alisubiri. Akasema, "Sawa, nimesikia." Akatoka kwenda kuangalia zizi.

Shangazi akamgeukia mama. "Umemwona? Huyo keshaondoka, anza kumtafutia blanketi." Mama akaanza kweli. Akanishonea na mfuko wa nguo kwa kitambaa cha pazia.

Mimi nikaona basi, limeamuliwa. Na nilifurahi. Sijui kama nilifurahia chuo au nilifurahia kutokusema.

Shule ilipofungua, mwalimu wa biology akaniita pembeni. "Baba yako alikuja kuniambia hutaki. Nimempa Tatu." Tatu alikuwa rafiki yangu, mama yake anauza vitenge sokoni.

Nyumbani kukawaka moto. Mama akamwambia baba, "Mtoto kanyamaza mbele yetu wote, wewe umepata wapi hataki?"

Baba akajibu taratibu kabisa, "Nilimwambia aseme. Mtoto akitaka kitu, umemfungulia mlango, atasema. Akinyamaza ni kwamba hataki na anaona haya kunikatalia."

Wakuu, nimelifikiria jibu hilo miaka mingi na sijapata pa kumlaumu. Mama pia alikuwa sahihi. Hata shangazi.

Baba akanigeukia. "Mama, kesho twende kwa mwalimu. Nitamwambia mimi ndiye niliyekosea. Sema tu kwamba unataka."

Shangazi naye safari hii akasema, "Sema, mwanangu. Mimi sikusemei."

Nikainama tena.

Ile ya kwanza ningeweza kuisingizia mila. Hii ya pili ilikuwa yangu. Nilimfikiria Tatu, nikafikiria form six, nikafikiria mfuko wa pazia, na mdomo haukufunguka. Hatukwenda kwa mwalimu.

Form four sikufaulu. Niliolewa, sasa nina genge la mboga Nzuguni, na sina njaa. Tatu alimaliza, akawa mtaalamu wa mifugo. Ila nisiwadanganye, chuo kile kiliyumba, walimu walikuwa wanaondoka, wenzake kadhaa walirudi makwao bila cheti chochote. Yeye mwenyewe anasema alilia mwaka mzima wa kwanza. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba mimi ningemaliza.

Baba alipozeeka, siku moja tumekaa tunachambua kunde, akaniuliza, "Mama, ile siku ulikuwa unataka nini?"

Nikamwambia, "Sijui, baba."

Akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi hata mimi sikukosea sana."

Nikamwacha na hilo. Ameshatangulia, Mungu amrehemu.

Mzazi uliyeuliza, sikwambii mpeleke wala mwache. Hilo silijui. Ninachokijua ni kwamba usimuulize mbele ya watu. Nenda naye kisimani, au shambani, mkiwa wawili. Na akinyamaza, usiondoke na jibu lako kichwani. Rudi, muulize tena, na tena, hata akikasirika. Na wewe binti, kama unasoma humu, sema hata "bado sijajua." Hilo nalo ni jibu, mimi sikulifahamu.

Walioondoka shule mapema, na waliobaki, karibuni mseme ilikuwaje. Mkiona nimekosea kumpa baba haki, niambieni pia, nitasoma.