Kiti cha Mbele cha Imogene

Kwa miaka thelathini na mmoja Hoyt Blalock alikaa mbele ya boti, na mkewe Imogene akakaa nyuma. Hawakuwahi kukaa chini wakapanga iwe hivyo. Mara ya kwanza, wakiwa bado wachumba, Hoyt aliingia akaketi mbele kwa kuwa ndiye aliyeshika kasia, na tangu siku hiyo kila mmoja akawa na mahali pake, kama watu wanavyokuwa na upande wao wa kitanda.

Wanaovua samaki aitwaye besi katika Ziwa Guntersville wanajua maana ya jambo hilo. Wa mbele ndiye anayeongoza boti polepole kandokando ya majani, na ndiye anayetupa chambo kwanza. Kila kisiki, kila kivuli cha gati, anakifikia yeye. Wa nyuma anabaki na maji ambayo chambo cha mwenzake kimeshapita. Imogene aliyaita maji ya makombo.

"Hoyt, hapa umelamba sahani," alikuwa akisema. "Ungeniachia hata mchuzi."

"Na ukija mbele, utaweza kuendesha?"

"Nimekuendesha wewe miaka yote hii, boti ndiyo itanishinda?"

Pamoja na makombo hayo, alivua. Samaki mkubwa kuliko wote waliowahi kumwona katika boti yao, besi wa ratili tisa, Imogene ndiye aliyempata, akiwa nyuma, mahali ambapo Hoyt alikuwa ametupa mara nne bila kuguswa. Alimbusu kichwani akamrudisha majini. Hoyt hakusema neno mpaka walipofika nyumbani, na Imogene hakuacha kusema mpaka Jumapili.

Boti yenyewe ilikuwa ya bati, nyembamba, ya kuyumba ukikohoa tu. Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha soksi kule Fort Payne. Hoyt alitengeneza mashine za kufumia. Imogene alisimama mezani akipanga soksi jozi jozi, maelfu kwa siku, mpaka goti lake la kulia likaharibika kwa kusimama. Walikubaliana kwamba Hoyt akistaafu watanunua boti ya maana, na Imogene atakaa mbele.

"Niapie," alisema Imogene.

"Siapi, mke wangu. Maandiko yanakataza. Nakuahidi."

"Haya. Mungu amekusikia na mimi nimekusikia. Tuko mashahidi wawili."

Katika kurasa za mwisho za daftari lake la shule ya Jumapili akaandika kwa penseli boti hiyo iweje. Sakafu pana isiyoyumba. Ngazi fupi ya kupandia mbele, kwa ajili ya goti. Tangi kubwa la samaki hai lenye pampu ya maji safi, ili samaki wasihangaike wakingoja kurudishwa. Rangi yoyote isipokuwa ile nyekundu ya kumetameta: sisi tunavua, hatuendi sarakasi. Na mstari wa mwisho, aliourudia kwa kalamu ya wino: Mimi mbele.

Imogene alifariki mwezi wa Oktoba. Hoyt alistaafu mwezi wa Januari. Katikati ya miezi hiyo zilikuwapo bakuli za wali na kuku kutoka kwa akina mama wa kanisa, na nyumba ambayo saa ya ukutani ilisikika mpaka uani.

Mwezi wa Februari aliweka daftari katika mfuko wa shati akaenda kuchagua boti. Nadine, mdogo wake Imogene, alijipakia kwenye pikapu bila kualikwa. Alisema mwanamume mwenye msiba haachwi peke yake na muuza boti.

Muuzaji, bwana mnene aliyeitwa Royce, aliwapeleka moja kwa moja kwenye boti nyekundu ya kumetameta, yenye injini kubwa kama jokofu.

"Hii, mzee, ukiikanyaga inaruka. Kufumba na kufumbua uko upande wa pili wa ziwa."

"Na nikishafika upande wa pili nifanye nini?"

"Uvue, mzee."

"Kwani samaki wa upande huu wana kosa gani?"

Nadine alicheka mpaka akashika trela ya watu asianguke. Royce naye akacheka, akawapeleka nyuma kwenye boti za alumini. Hoyt alizipanda moja baada ya nyingine. Hakuuliza kasi. Alikanyaga ngazi, akashuka, akakanyaga tena kwa mguu wa kushoto akiuburuta wa kulia, kama mtu mwenye goti bovu. Ya tano, ya kijani kibichi kama chupa, ilimpandisha bila kushika kitu. Akasimama huko mbele muda mrefu, mikono mifukoni.

"Hii," alisema.

Royce alitoa karatasi. "Ile mota ndogo ya umeme ya mbele inaendeshwa kwa kanyagio. Nikufungie upande gani? Unatumia mguu upi?"

"Mimi? Wa kulia."

"Basi kulia."

"Hapana. Funga kushoto."

"Mzee, si umesema..."

"Goti lake la kulia lilikuwa bovu," alisema Hoyt. "Funga kushoto."

Royce alimtazama Nadine apate msaada. Nadine alikuwa ameshageuka, anakagua propela zilizotundikwa ukutani kama mtu anayezisoma.

Njiani kurudi Nadine alianza. "Shemeji, hebu niambie. Umenunua boti au umejenga kaburi lenye injini?"

Hoyt alipita daraja zima ndipo akajibu. "Nilimwahidi."

"Najua ulimwahidi. Alinipigia simu usiku uleule."

Machi nzima Hoyt alikuwa bandani akiivalisha boti. Alifunga betri nne chini ya sakafu, akazipanga nyuma ili pua isizame. Alijaribu pampu ya tangi kwa kulijaza maji kwa mpira wa bustani na kuketi kando yake, akisikiliza. Kile kioo kinachoonyesha samaki walio chini hakukifunga kwa kimo chake yeye. Aliingia jikoni, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye msumari wa aproni ya Imogene, akarudi na kipimo hicho. Wavu aliuweka kushoto, kwa kuwa Imogene alikuwa akiupokea kwa mkono huo. Biblia ndogo aliitia katika mfuko wa plastiki, kwenye kisanduku kisichopitisha maji. Juu ya kiti cha mbele alifunga mto mdogo wa maua uliotoka kwenye boti ya bati.

Mwisho alinunua rimoti. Kwa rimoti hiyo mtu angeweza kuendesha mota ya mbele akiwa ameketi nyuma. Alikuwa ameshaamua. Kiti kile hakitakaliwa na mtu. Yeye atakaa nyuma, na mbele patakuwa pa Imogene, kama alivyoahidi. Alimwambia Mungu hivyo wakati wa sala ya asubuhi, na hakungoja jibu.

Jumamosi ya pili ya Aprili, besi walipokuwa wamesogea kwenye maji ya kina kifupi kutaga, Nadine alifika na kapu: mikate midogo ya moto yenye nyama ya nguruwe, chupa ya chai baridi ya sukari, na ndizi tatu.

"Shemeji, ndizi haziingii botini," alisema Hoyt. "Wavuvi wanasema zina mkosi."

"Mkristo mzima unaogopa ndizi?"

"Siogopi. Ila haziingii."

Nadine alizila zote tatu mahali pa kushushia boti, amesimama, akimkodolea macho. Nyuma yao palikuwa na foleni ya pikapu sita, kila moja na trela yake.

Hoyt alivua kofia akaomba kama Imogene alivyokuwa akiomba: "Bwana, tupe samaki, na usipotupa samaki, utupe adabu. Amina." Baada ya amina alibaki amesimama. Alikuwa anangoja kitu, hakujua ni kitu gani. Mtu mmoja kwenye foleni akapiga honi, na Hoyt akaingia garini, akarudisha trela majini nyumanyuma, akaisukuma boti ikaelea. Nadine aliishika kwa kamba pembeni mwa gati wakati Hoyt akiegesha pikapu.

"Shemeji!" Nadine alipaza sauti. "Shemeji, hii boti yako inakunywa maji!"

Boti za namna hii zina tundu dogo nyuma, chini kabisa, la kutolea maji zikiwa nchi kavu. Kabla ya kushusha, unaliziba. Hakuna mvuvi wa ziwa lile asiyelijua hilo, na hakuna kijiji kisicho na mtu aliyechekwa miaka mitano kwa kulisahau. Hoyt alikimbia. Sehemu ya nyuma ilikuwa imeshaanza kudidimia. Alitumbukia mpaka kifuani katika maji ya Aprili, akaegemeza bega kwenye ubavu wa boti.

"Mzee!" aliita mmoja wa wenye trela. "Unavua au unabatiza?"

"Mwache, ndugu," mwingine akajibu. "Huyo Mbaptisti. Lazima izame yote!"

Lakini walishuka, wote wawili, na viatu vyao, wakasaidia kuirudisha kwenye trela. Ilipovutwa juu, maji yalitoka kwenye lile tundu kama bomba lililosahauliwa wazi. Hoyt aliketi kwenye bampa, suruali imemganda miguuni, akiyatazama yanavyokwisha.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema, "sijasahau kizibo hata siku moja."

"Hukuwahi kukikumbuka pia," alisema Nadine. "Alikuwa anakikumbuka yeye."

Ndipo Hoyt akajua alichokuwa akingoja baada ya amina. Kila mara, kabla hajarudisha gari nyuma, Imogene alikuwa akisimama kando ya maji, anainua mkono juu na kuita ziwa zima lisikie: Kizibo kipo! Hakuna hata siku moja ambayo Hoyt aligeuka kumtazama. Alikuwa anasikia tu, na kuondoa mguu kwenye breki.

Nadine alikwenda kwenye pikapu, akapekua droo ya mbele, akakuta kizibo kipya bado kimo katika kifuko chake pamoja na karatasi za boti. Alipiga magoti na gauni lake kwenye saruji yenye utelezi akakikaza kwa mkono, kisha kwa koleo. Akasogea mpaka ukingoni mwa maji. Akainua mkono.

"Kizibo kipo!"

Ilikuwa sauti ileile ya puani, ya mabinti wa nyumba moja. Hoyt, aliyekwisha kurudi garini, alishika usukani kwa mikono miwili, mguu ukabaki kwenye breki. Safari hii hakuna aliyepiga honi.

Boti ilipoelea, kavu, Nadine alipanda na kwenda zake nyuma, mahali pa mgeni. Akamkuta Hoyt naye anakuja nyuma, na rimoti mkononi.

"Hiyo ya nini?"

Hoyt alimweleza. Alieleza kwa maneno machache, macho kwenye maji. Nadine alisikiliza mpaka mwisho.

"Umekaa mwezi mzima ukifikiri hilo?"

"Ndiyo."

"Dada yangu hakuomba kiti, Hoyt." Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwita kwa jina. "Viti alikuwa navyo nyumbani. Alikuwa anataka kutupa chambo mahali ambapo hakijapita cha mtu. Asubuhi moja tu. Sasa unataka kuyapitisha maji yote yale mapya mbele ya mto wa maua, pasipo mtu wa kuyatupia chambo?"

Boti ilikuwa inasogea yenyewe kuelekea kwenye majani. Hoyt alitazama kiti, kanyagio la kushoto, kioo kilichofungwa chini mno kwa mtu wa kimo chake. Chochote alichokifunga huko mbele hakikumfaa yeye.

"Nenda wewe," alisema mwishowe.

"Mimi si Imogene."

"Najua."

"Na hicho kidude sijawahi kukikanyaga."

"Mguu wa kushoto. Kanyaga kwa kidole, inageuka kulia. Kanyaga kwa kisigino, inageuka kushoto."

Nadine alipanda ile ngazi fupi. Aliufungua mto, akaushika kidogo, akaufunga tena, akaukalia. Kioo kilimkaa sawasawa usoni. Kisha akakanyaga, na boti ikazunguka mara mbili kama mbwa anayetafuta pa kulala, ikaingia kwenye majani kwa ubavu.

"Imogene asingeendesha hivi," alisema Hoyt.

"Imogene angeendesha vibaya kuliko mimi na wewe ungenyamaza!"

Walijinasua. Baada ya nusu saa boti ilikuwa inakwenda, kwa kuyumba, kandokando ya visiki. Nadine alitupa kwanza, kila mahali, kama ilivyo haki ya wa mbele. Hoyt alitupa baadaye, katika maji yaliyokwisha kupitiwa. Mshipi wake ulirudi mtupu, na ukarudi mtupu tena. Hakuwa na la kufanya ila kutazama mbele, na huko mbele kulikuwa na mgongo wa mtu. Kofia, shingo, mabega yanayopanda kila anapotupa. Basi hiki ndicho Imogene alichokuwa akikitazama. Si ziwa. Ni mgongo wake yeye Hoyt, majira ya kuchipua baada ya majira ya kuchipua, na makombo, na akawa bado anakumbuka kizibo.

Angetoa chochote agombane naye kwa ajili ya kiti kile.

Fimbo ya kuvulia ya Nadine ilipinda. Alipiga ukelele uliowarusha ndege wote wa ufuo ule. Hoyt alinyoosha mkono kuchukua wavu, akaukuta kushoto, mahali alipouweka, akainama akampokea samaki. Hakuwa mkubwa, ratili tatu labda, tumbo limejaa mayai. Hawakumtia hata kwenye tangi. Nadine alimshika mdomo wa chini, akamtazama Hoyt, kisha akambusu kichwani na kumwachia. Maji yakamfunika.

Hoyt alikata mshipi wake ili afunge ndoana nyingine.

"Shemeji," alisema Nadine bila kugeuka, "huko nyuma kukoje?"

Hoyt alikuwa anajaribu kupitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, na hakuwa analiona tundu.

"Makombo," alisema.