Neno Alilonituma Anti

Kule Kabianga kuna chuo kikuu, na mimi nimekiingia mara nyingi tu, kupeleka maziwa jikoni. Alama zangu za kidato cha nne hazikutaka kuniingiza kwa njia nyingine. Sikununa sana. Nilikuwa na simu, nilikuwa na bando la asubuhi, na nilikuwa na ule ugonjwa wangu wa tangu utotoni wa kupenda maneno ya Kiingereza ambayo hakuna mtu anayeyatumia. Si yale ya mtihani. Nasema yale mengine, yanayokaa pembeni mwa kamusi kama wageni waliosahauliwa kukaribishwa chai.

Ninaishi upande wa Sosiot kwa mama mkubwa, dada ya mama yangu. Mimi humwita Anti. Mume wake alifariki nikiwa bado mdogo, akamwachia nyumba ya mabati, ng'ombe, na shamba la chai linaloteremka mpaka kijitoni. Mtoto hakumwachia. Tunachuma sisi wawili, yeye na mstari wake, mimi na wangu, na kila asubuhi kabla vikapu havijaanza kuvuta mabega huniuliza, "Leo umeniletea nani?"

Huuliza nani, haulizi nini. Kwa Anti neno ni mtu aliyebisha hodi. Ukimwambia maana yake, hiyo kwake ni salamu tu. Anataka kujua kwao ni wapi, ni la ukoo gani, lilipita kwa nani mpaka likaolewa na Waingereza. Asubuhi moja ya ukungu nilimwonyesha utando wa buibui uliotandazwa juu ya chai, umejaa umande, nikamwambia Waingereza wana neno la kitu chepesi namna hiyo, gossamer. Akauliza kwao ni wapi. Nikasema watu waliochunguza wanadhani limetokana na bata bukini na kiangazi. Kulikuwa na majira fulani ya jua kidogo ambapo watu wa huko walikuwa wakila bukini, na siku hizo hizo utando ulikuwa umejaa mashambani. Anti alichuma mpaka kiganja kikajaa, akatupa kapuni.

"Kwa hivyo walikuwa wamekula wameshiba," alisema mwishowe, "ndiyo wakapata nafasi ya kuangalia buibui."

Lakini lililomkamata kabisa ni ruminate. Nilimweleza kwamba ni kuwaza jambo polepole, kulirudia na kulirudia, na kwamba lilitoka kwa Kilatini, kwa ng'ombe anapolala chini akicheua. Aliweka mkono kiunoni akasimama wima katikati ya chai. "Sasa hao ni watu," akasema. "Hao ningewapa maziwa ya mursik." Tangu siku hiyo, akiwa na jambo kichwani na mimi nampigia kelele, huniambia nimwache kidogo acheue.

Mwaka jana alicheua sana. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake, aliitisha kikao cha familia. Kabla ya kikao alikuja mwenyewe kumweleza, kwa upole, kwamba shamba haliwezi kukaa bila mwenyewe, kwamba vijana wake wangelishika na kumtunza hapo hapo nyumbani mpaka uzee. Si mtu mbaya. Bomba la maji likiziba, yeye ndiye huja na spana. Mimi naye hatuna la kubishana pia, maana najua vizuri kwamba mimi ni mtoto wa dada, si wa ukoo ule, na shamba lile haliwezi kuwa langu hata nikilichuma mpaka mikono iwe myeusi ya utomvu.

Anti alikuwa na mpango wake. Kwetu sisi Wakipsigis ni jambo la zamani: mwanamke ambaye hakuzaa anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe kama mwanamume yeyote, anamleta mwanamke mwingine nyumbani, na watoto wa huyo mwanamke wanakuwa watoto wa nyumba hiyo, kwa jina la mume aliyefariki. Siku hizi makanisa mengi hayataki kusikia, na vijana wenzangu hulichekea, lakini lipo. Alikuwa ameshazungumza na dada mmoja wa upande wa Sigowet, mwenye mtoto mdogo wa kike, aliyechoka kukaa kwa kaka yake akipigiwa kelele na wifi yake. Dada huyo alikuwa amekubali. Ng'ombe walikuwapo.

Kilichobaki ni mdomo. Ilibidi Anti asimame mbele ya watu wa mume wake, na mzee wa familia amuulize kwa nini anataka kuleta mtu, na sababu itoke kwake mwenyewe, si kwa mtu wa kumsemea. Na sababu hiyo, miaka yote aliyokaa katika boma lile, haikuwa imewahi kusemwa mbele yake. Watu walikuwa wanaizunguka. Walikuwa wakisema Mungu bado. Walikuwa wakisema yule mama wa kule juu. Kina mama kanisani walimwombea bila kutaja wanaomba nini. Yeye mwenyewe pia, hata kliniki, alikuwa akisema tu "ile shida yangu."

Basi siku moja tukichuma akaniambia, bila kuniangalia, "Wewe una maneno mengi. Nitafutie moja la Kizungu la kusema hilo jambo. Lisiwe la kuchoma mdomo."

Nilimwambia wale wazee hawataelewa.

"Wataelewa kwamba nimesema. Hiyo inatosha."

Nilifurahi, nisidanganye. Mtu kama mimi hatumwi neno kila siku. Jioni hiyo nilikaa karibu na mashine ya kusaga mahindi, pale mtandao unaposhika vizuri, nikaanza kuwinda.

La kwanza nilijua tayari: barren. Linatumika kwa ardhi na kwa mwanamke, sawasawa. Nilipolitafutia kwao nikakuta limepitia Ufaransa, na nyuma ya hapo waliochunguza wanakiri kwamba hawajui lilikotoka. Nilimpelekea Anti hivyo hivyo. Akatikisa kichwa. "Hilo halina wazazi. Mimi nina wazazi."

La pili lilikuwa effete. Siku hizi maana yake ni mtu mlegevu aliyeishiwa nguvu, lakini kwa Kilatini lilikuwa la mnyama aliyechoka kwa sababu ya kuzaa na kuzaa. Nilimletea makusudi, nikijua halifai, nione uso wake. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya kikapu. "Hilo mpelekee mama yako," akasema, kwa sababu nyumbani kwetu tuko wengi.

Baadaye nikapata nulliparous, na nikadhani nimefika. Lina wazazi wawili, wote wa Kilatini, mmoja maana yake ni hakuna na mwingine ni kuzaa. Ni safi, halitukani mtu, madaktari hulitumia. Anti alilijaribu polepole, akilivunja vipande, kama mtu anayetafuna kitu alichopewa na mgeni na hataki kukitema mbele yake. Alipomaliza akasema linanukia hospitali. Wazee wangemuuliza ameandikiwa dawa gani.

Nikarudi kwenye mashine ya kusaga. Na hapo, nikiwa nimeshuka chini sana kwenye mtandao, kwenye orodha ya maneno ya Kiingereza cha zamani cha mashamba ya chai, nikakutana na neno ninalolijua kama ninavyojua jina langu.

Mtu asiyechuma chai nimweleze. Kuna wakati chipukizi hulala. Kile kijani kidogo cha juu, ambacho kingefunguka kuwa jani jipya, hujifunga kikawa kidogo kama mdomo wa mtu aliyenuna, na hakikui. Chipukizi kama hilo huitwa banjhi. Afisa wa chai akija kutufundisha husimama katikati ya shamba, akalishika, akatuonyesha: likiwa laini weka kapuni, likiwa gumu livunje ulitupe, kwa maana ukiliacha juu, mti unazembea. Sote tunasema banjhi. Tunalisema tukicheka, tunalisema tukigombana. Nilidhani ni neno la kiwandani tu.

Kumbe limetoka India. Huko ndiko Waingereza walikopanda chai katika mashamba makubwa kabla ya kuja kuipanda kwenye vilima vyetu, na katika lugha za huko neno hilo ni la mwanamke tasa. Waingereza walilichukua, wakaliandika kwenye vitabu vyao vya kilimo, likasafiri na chai mpaka hapa, na hapa hakuna aliyeliuliza kwao.

Nilizima simu. Mimi ni mtu wa kulia hata ndama akitengwa na mama yake, kwa hivyo mjue nilirudi nyumbani vipi. Siku zilizofuata Anti aliponiuliza nimemletea nani, nilisema bando limekwisha. Nilijaribu kutolisema neno hilo nikichuma, na ni vigumu. Ni kama kujaribu kupika bila kusema sufuria.

Siku moja kabla ya kikao alisimama kwenye mstari wake akaniita.

"Kuna moja umelificha. Wewe ukificha neno unachuma kama mtu anayefukuzwa."

Nikamwambia. Nilimwambia kwao, nilimwambia maana, na nikasema pole, ingawa si mimi niliyelitunga. Alikuwa na chipukizi mkononi wakati huo, na kwa bahati mbaya lilikuwa hilo hilo. Alilitazama kwa muda mrefu. Aliuliza nani alikuwa wa kwanza kuliita hivyo. Nilisema sijui, labda ni watu waliokuwa wakichuma, haikuandikwa.

"Na kati yao hakukuwa na mama asiye na mtoto?"

"Lazima alikuwako, Anti."

"Akilisikia siku nzima."

"Ndiyo."

"Na yeye mwenyewe akilisema. Maana ndilo neno la kazi, atafanyaje?" Alilibonyeza chipukizi kwa kidole gumba kuona kama ni laini. Lilikuwa laini. Akalitupa kapuni.

Tuliendelea kuchuma. Niliona mkono wake, ambao huwa hautulii, ukisita kidogo kila ulipofika kwenye moja, kisha unaendelea. Mwisho wa mstari aliniambia niache kutafuta. Sikumuuliza atasema nini kesho yake. Niliogopa.

Kikao kilikuwa kwa shemeji yake, baada ya chakula cha mchana, na mvua ilikuja na wageni. Anayejua mvua ya Kericho juu ya mabati anajua kwamba huwezi kunong'ona chini yake. Wanaume walikaa kwenye makochi, vijana wa shemeji kwenye stuli karibu na mlango na simu zao, mimi nikakaa karibu na pazia la jikoni, ambako kina mama walikuwa wakiosha vyombo. Shemeji alieleza mpango wake vizuri, kwa heshima, hata mimi ningekubali kama nisingejua mwingine. Kisha mzee wa familia, ambaye masikio yake yameanza kuchoka, akamgeukia Anti akamuuliza kama ana neno.

Anti alisema anataka kuleta mtu nyumbani kwake. Mzee akauliza kwa nini.

Alijibu, na mvua ikalimeza jibu lote. Niliona midomo yake tu. Mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio akasema, "Nini?"

Nilitamani kuingia chini ya zulia. Miaka yote ile, na sasa aseme mara mbili. Anti alisimama. Akavuta shali yake, akasema kwa Kipsigis, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya kijito, "Mimi ni tasa."

Jikoni vijiko vilinyamaza.

Shemeji yake ndiye aliyeumia zaidi usoni. Alisema polepole kwamba katika boma hilo hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo.

"Ni kweli, shemeji. Mlikaa bila kuniita chochote." Hakuwa na hasira. Alisema hakuzaa, na nyumba ya ndugu yao inataka watu, na mtu amempata, na ng'ombe wapo. Shemeji akauliza kuhusu kanisa. Akajibiwa kwamba mchungaji ataendewa na Anti mwenyewe, si lazima mtu mwingine abebe hilo. Kijana mmoja wa shemeji alitoka nje mvuani bila koti, na mpaka leo tukikutana njiani huangalia upande mwingine. Mzee alishusha kiganja kutoka sikioni. Kisha akauliza swali ambalo mtu haulizi jambo likiwa limekataliwa.

"Huyo msichana ni wa kwa nani?"

Walikuja baada ya maharagwe kuvunwa, yule dada wa Sigowet na mtoto wake. Nilikuwa nimesugua nyumba mpaka nikajikwaruza vidole. Mama wa mtoto alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengojea kuitwa ofisini, lakini binti yake alizunguka jiko lote akifunika na kufunua vifuniko. Kisha akasimama mbele ya Anti, akamtazama juu mpaka chini.

"Watoto wako wako wapi?"

Mama yake alifunga macho. Mimi nilishika birika bila sababu, na lilikuwa la moto.

"Sikuzaa. Mimi ni tasa," Anti alisema, akimsogezea kikombe. "Kunywa chai, inapoa."

Mtoto alifikiri kidogo, kisha akauliza kama sukari imebaki.