Skuta ya Kiti Kimoja

Dafroza aliegesha skuta mbele ya Mwalimu Ephraim, akampa selotepu ya karatasi na kalamu.

"Ziba tundu la kuchajia. Halafu weka saini juu yake."

"Mama, tumefika huko? Si nakufuata nyuma na pikipiki yangu?"

"Saini, Mwalimu."

Ephraim akasaini huku anacheka. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Kigera, nje ya karakana ya bati ambayo Dafroza aliijenga kwa faida ya kuuza dagaa wa kisiwa cha Rukuba. Makubaliano yalikuwa mafupi. Akifika Butiama kwa chaji moja kabla ya saa nne, kikundi cha walimu na manesi wanaomsubiri huko kinaagiza kwake skuta kumi na mbili. Akikwama, au wakitawanyika kabla hajafika, Ephraim, ambaye ndiye mwenyekiti, anaagiza za dukani, zenye kiti cha nyuma. Karakana haikuwa na oda nyingine.

"Chombo gani hakina pa kukaa mtu wa pili?" Ephraim alisema akivaa kofia. "Uchoyo huu sijawahi kuuona."

Dafroza akawasha skuta. Skuta ya kwanza alimtengenezea mdogo wake Sara, wa Bunda, ya kuendea kazini. Ilikuwa na kiti kirefu kizuri. Wiki haikuisha, shemeji yuko stendi anapakia abiria wawili wawili, Sara anatembea kwa miguu kama zamani. Mwezi wa tatu betri ikafa. Watu hawakusema shemeji kaiua. Walisema skuta za Dafroza zinakufaga. Ndipo akachora upya: kiti cha mtu mmoja, nyuma kikapu cha chuma kilichochomelewa kabisa, katikati pawe wazi ili mwenye sketi apitishe mguu bila kujifunua. Chombo cha mwenyewe, si cha ukoo.

Kioo kilionyesha mistari mitano ya chaji. Kufika Makutano ilibaki mitatu. Akakunja kuelekea Butiama, upepo ukimpiga kifuani, macho hayabanduki kwenye kioo. Ndipo alipoiona kofia anayoijua kando ya barabara.

Mzee Magesa. Baba mkwe wake.

Kusimama hapo, mlimani, ni kuumaliza mstari mzima wakati wa kuondoka. Kupita bila kusalimia ni kutafuta kesi ya ukoo. Akasimama. Akashuka, akavua kofia, akapiga goti mbali kidogo, maana mkamwana hamsogelei mkwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mguu unanisumbua, mwanangu." Mzee akaizunguka skuta, akaikagua nyuma. "Kumbe haina kiti cha nyuma! Ingekuwa nacho, huyu bwana angeniendesha nayo mpaka nyumbani, wewe ukasubiri hapa kivulini." Akageukia pikipiki ya Ephraim. "Wewe lakini unacho."

"Mzee, niko kazini..."

"Kazi gani ya kumwacha mzee juani?" Alikuwa ameshapanda.

Ephraim akamtazama Dafroza. "Nisubiri hapa hapa. Ukiondoka peke yako, mimi sitakuwa shahidi."

Pikipiki ikaingia njia ya vumbi. Dafroza akatazama saa: tatu na dakika ishirini. Akisubiri, manesi watakuwa wameshaenda zamu. Akienda, atafika bila shahidi. Akaipapasa ile selotepu, akavaa kofia, akaondoka.

Mlima ukala mstari mmoja, kisha mwingine. Uliobaki ukaanza kumweka. Akazima taa, akapunguza mwendo mpaka wenye baiskeli wakampita, mmoja akimpigia kengele. Hakuinua hata kichwa.

Aliingia Butiama saa nne kasoro dakika sita. Wanakikundi walikuwa barazani, wengine wameshabeba mikoba.

"Mwenyekiti yuko wapi?" aliuliza Happyness, nesi wa kutoka Bunda, aliyesikia habari za betri ya Sara.

"Kazuiwa njiani. Anakuja."

"Kwa hiyo umekuja peke yako. Tutajuaje hukuchaji mahali?"

"Tazama tundu."

Happyness akainama, akapitisha kucha juu ya karatasi. "Saini ni yake kweli. Lakini selotepu si inabandukaga, ikarudishwa?"

"Ibandue wewe."

Akaivuta. Karatasi ikachanika, saini ikagawanyika vipande viwili. Akajaribu kuirudisha mahali pake, ikakataa. Wenye mikoba wakaishusha.

Walikuwa bado wanazunguka skuta pale Ephraim alipotokea, mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

"Yule mzee!" alifoka kabla hajazima injini. "Nimemfikisha kwake, akanituma mashineni na debe la mahindi. Natoka mashineni, nakuta mkewe ananisubiri, anataka kanisani!"

Baraza zima likaangua kicheko. Wankyo, mwalimu mkubwa kuliko wote pale, ndiye aliyenyamaza wa kwanza. "Na wewe ndiye unayetutakia kiti cha nyuma? Mume wangu akikiona tu, mimi narudi kwa miguu."

Ephraim akakitazama kiti chake kirefu, akapangusa vumbi. "Haya. Lakini bei apunguze."

"Nilichopunguza ni kiti," Dafroza alisema. "Bei ni ile ile."

Akatoa karatasi ya oda kwenye kikapu, akaikunjua juu ya kiti cha pikipiki ya Ephraim, akamnyooshea kalamu.

"Saini, Mwalimu." Kisha akamgeukia Happyness. "Na mnionyeshe soketi ilipo. Kigera ni mbali."