Kibao Kwanza, Mlango Baadaye

Walimwita Maranda kwa sababu alikulia ndani ya takataka za randa. Mama yake akienda kazini alimwacha chini ya meza ya baba yake, fundi seremala, na akirudi alimkuta na vipande vya mbao vilivyojikunja kichwani kama amesukwa upya. Jina la shule lilidumu muda mfupi, kama shule yenyewe. Maranda ndilo lililobaki.

Baba yake alitengeneza vitanda na majeneza katika chumba kimoja. Nje alitundika kibao chenye pande mbili: upande mmoja kitanda kilichochorwa kwa mkono, upande wa pili rangi nyeusi tupu. Siku ya kazi ya jeneza alikigeuza kibao kabla hajagusa kufuli.

"Kibao kwanza, mlango baadaye," alimwambia Maranda, aliyekuwa akimshikia kigoda. "Bibi harusi aliyefuata kitanda asikutane na jeneza. Na mfiwa asiingie akakuta watu wanachekea kabati."

Watu wa mtaa walijua. Walikisoma kibao kwa mbali, mwenye furaha akapita njia nyingine na kurudi kesho.

Fundi alipofariki, kibao kiliegemezwa nyuma ya mbao. Meza ikashikwa na mdogo wake, baba mdogo wa Maranda, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Maranda, aliyejifunzia kompyuta katika duka la kuchapa, akajitengea pembe ya karakana, pale pale palipokuwa na kopo la gundi, akaijengea karakana tovuti. Harufu ya gundi haikuhama. Siku nyingine akiandika alihisi marehemu baba yake yuko nyuma yake anapiga msasa.

Kwa kuwa hakupenda kurudia kazi, aliandika faili moja akaiita kichwa. Kila ukurasa ulipoombwa, seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, iliita kichwa hicho kwanza, kisha ikaunganisha mengine. Humo mlikuwa na jina la ukurasa na maelezo mafupi, yale yasiyoonekana ndani ya ukurasa wenyewe ila huonekana mtu anapotafuta, au anapomtumia mwenzake kiungo kwa simu. Ukurasa wa kwanza kuutengeneza ulikuwa wa majeneza, maana kazi hiyo haina msimu. Maelezo yake akayaweka ndani ya faili ile ya kichwa, na kurasa zote zikavaa kofia hiyo moja. Hakujua, mpaka siku ile nesi mmoja, mteja wao, alipoingia na sare yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Soma hapa, mwanangu, uniambie nimekukosea nini."

Nesi alikuwa ameagiza kitanda cha mtoto kwa ajili ya binti yake, ambaye siku zake za kujifungua zilikaribia. Alimtumia kiungo akione. Chini ya kiungo simu ilikuwa imeandika: *Majeneza imara, ya wakubwa na watoto.*

"Hajakifungua," nesi alisema taratibu. "Amejifungia chumbani. Mwaka jana mnajua tulichochukua hapa. Kitanda hicho sikitaki tena."

Akatoka. Baba mdogo alikitazama kitanda, kilichokuwa kinasubiri mafuta tu, akachukua nyundo ya mti.

"Ngoja nikibomoe. Kikikaa hapa kitakuwa nuksi. Kibao cha marehemu hakikuwahi kuropoka hivi."

"Baba mdogo, nipe mpaka mchana."

"Mchana wa nani? Wewe na hilo dude, mchana wenu ni keshokutwa."

Hata hivyo aliketi, nyundo mapajani.

Maranda aliyafuta maneno yale katika faili ya kichwa, akaacha nafasi mbili: moja ya jina, moja ya maelezo. Kisha katika ukurasa wa kitanda, chini ya mstari unaokiita kichwa, akaandika maneno ya kitanda. Akajaribu. Kichwa kikatoka kitupu. Akajaribu tena, kitupu vilevile.

Nyuma yake baba mdogo aliguna. Maranda alitazama mlango, akakumbuka kigoda kikitikisika mikononi mwake, na baba yake juu akihangaika na ndoano ilhali kufuli bado limefungwa. Yeye Maranda alikuwa amefungua mlango, ndipo akatundika kibao. Seva husoma kutoka juu kwenda chini; ilikwisha kuita kichwa na kupita kabla ya kuyafikia maneno.

Akayapandisha maneno juu ya mstari ule. Akafanya hivyo kila ukurasa, wa majeneza nao ukapewa yake. Akaagiza pia kwamba ukurasa ukisahauliwa bila maneno yake, kichwa kitaje jina la karakana tu, kisiongeze neno. Kisha akamtumia baba mdogo kiungo.

Baba mdogo alivaa miwani akasoma: *Kitanda cha mtoto mchanga. Pembe zimeviringwa, hakina msumari hata mmoja.*

"Nani kakwambia hakina msumari?"

"Nimekuona ukikitengeneza."

Maranda akamtumia nesi kiungo hicho, pamoja na neno moja la samahani.

Jibu lilichelewa hadi chai ikapoa. *Amekifungua. Anauliza kama kinaweza kupakwa mafuta yasiyo na harufu.*

Baba mdogo aliweka nyundo chini. Hakutafuta mafuta kwanza. Alikwenda nyuma ya mbao, akakivuta kibao cha kaka yake, akakifuta vumbi kwa kiwiko.

"Njoo unishikie kigoda," alisema.