Radhi Aliyoombwa Mtu Mwingine

Hadi leo, rais yeyote wa Marekani akisimama mbele ya maikrofoni na kuanza kusema anasikitika, mimi nazima televisheni. Binti yangu hucheka. Amezaliwa hapa London, Kiswahili anakielewa vizuri lakini hunijibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake hicho huniambia mambo hayo ni ya zamani na yule rais alishastaafu. Namjibu kwamba hasira yangu haijastaafu, kisha naenda jikoni kuinjika chai.

Wakati ule binti yangu alikuwa bado hajazaliwa. Nilikuwa nafanya kazi Hayes, pembezoni mwa London, kwenye ghala moja linalotayarisha vyakula na magazeti ya kupakiwa kwenye ndege. Mimi nilikuwa wa magazeti. Yaliletwa na lori asubuhi na mapema, yamefungwa kwa kamba za plastiki. Nakata kamba, nayapanga kwa majina, nayajaza kwenye vitoroli. Meza ya pili alikuwepo mama mmoja Singasinga, mzaliwa wa Nairobi, yeye akipanga sinia za chakula. Tulikuwa tukitaniana kutwa. Alisema Kiswahili cha Dar es Salaam ni kirefu mno kwa mtu mwenye haraka, nami nikamwambia chake kimevunjika miguu yote miwili.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane redio ya ghalani ikatangaza kwamba mabomu yamelipuliwa kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Singasinga akaweka sinia chini. Mimi nilikuwa na mkasi mkononi na sikumbuki niliuweka wapi. Mdogo wangu alikuwa mlinzi kwenye geti la ubalozi huo wa Dar.

Hakuwa askari, wala siasa hakuzijua. Kazi yake ilikuwa kupitisha kioo chenye mpini mrefu chini ya magari yanayoingia. Mama alimpigia pasi sare yake kila asubuhi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na alipoondoka alimsindikiza mpaka kwenye kona ili majirani wamwone. Mtoto wa kwanza kwetu kupata kazi ya kuvaa viatu vyeusi vinavyong'aa. Kila nilipopiga simu nyumbani, mama alianza kunieleza habari za viatu hivyo kabla hata hajaniuliza hali yangu.

Siku nzima ile simu hazikupita. Jumamosi alasiri zikapita. Mama hakuwa na simu, tulikuwa tukitumia ya jirani, na jirani aliposikia sauti yangu hakunisalimia, alisema tu, "Ngoja nimwite mama." Mama akaja. Akasema, "Mwanangu, tumemzika adhuhuri. Nilimwombea kwa niaba yako." Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji ikisubiri muhuri, kwa hiyo kwenda sikuweza. Nikakaa matanga peke yangu kwenye chumba changu, kwenye mkeka niliouazima. Singasinga alikuja na sufuria la dengu na chapati, akaketi chini nami na magoti yake mabovu. "Pole sana dada," akasema. "Manager nimeshamwambia. Shift yako nitacover mimi, wewe lia tu."

Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi televisheni. Mimi niliwasha. Nilitaka kuona lile geti. Siku mbili tatu waliionyesha Nairobi, na Dar ikafuata nyuma kama mkia, sekunde chache za moshi na ukuta. Pole zilitolewa, sikatai, pole za jumla zilizosomwa kwenye karatasi. Kisha wakarudi kwenye habari waliyokuwa nayo tangu mwanzo wa mwaka: rais wa Marekani na yule msichana wa ofisini kwake. Nilipoanza tena kazi niliyashika hayo kwa mikono yangu. Gazeti la Jumamosi, lililobaki ghalani, lilikuwa limejaza majengo yaliyobomoka ukurasa wa mbele. Katikati ya wiki picha ile ilikuwa ndani, upana wa kiganja. Wiki ya pili ukurasa wa mbele ulikuwa wa gauni la yule msichana.

Gauni! Watu wazima wenye tai, wanasheria, maprofesa, wamekaa duara wanajadili gauni lina doa au halina. Nilikata kamba za yale magazeti kwa nguvu mpaka meneja akaniuliza kama niko sawa. Nilimjibu kwa Kiswahili, neno ambalo sitaliandika hapa, na Singasinga akageukia ukutani akicheka huku anafuta machozi.

Nisieleweke vibaya. Waliotega yale mabomu nimewalaani na nitaendelea kuwalaani, sihitaji kufundishwa. Walisema wanapigana na Marekani, wakawaua wapita njia na walinzi. Lakini wao sikuwahi kutegemea kitu kwao. Huyu mwingine, rais, ndiye ambaye mama alikuwa anamngoja.

Maana mama alikuwa anangoja. Kwetu mtu akifia mlangoni kwako, hata kama kosa si lako, unafika msibani wa kwanza, unavua viatu, unaketi mkekani, unawaambia wenye mtoto, "Mtoto wenu amekufa kwa ajili ya shari yangu, niwieni radhi." Na wao wanakuwia radhi, kisha maisha yanaendelea. Usipofika, wanabaki wamekaa hapo. Mama alikuwa amekaa hapo. Jirani aliniambia mama hali chakula, na kila gari likipita huinua kichwa.

Jumanne ya wiki ya pili mama ndiye aliyepiga. Hakuwa amewahi kunipigia hata siku moja, nikajua kuna jambo. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Umesikia?" akasema. "Redio imesema rais wa Marekani katoka kwenye televisheni usiku, kakiri makosa. Kasema anajuta. Mimi nilijua hawezi kunyamaza, mwanangu kafia mlangoni kwake. Wewe uko huko, Kiingereza unakijua, na televisheni unayo. Niambie kasemaje."

Nilikuwa nimemwona asubuhi ile kabla ya kwenda kazini. Nilimwona mwanzo mpaka mwisho. Alikiri, ndiyo. Alijuta, ndiyo. Alikiri habari za yule msichana, akamtaja mkewe na binti yake, akasema haya ni mambo ya nyumbani kwake yanayohusu familia yake. Ya kwetu hayakuwamo.

Mdomo wangu hauna breki, kila anijuaye atakwambia. Nimegombana na makonda wa mabasi, na maimamu, na wakwe. Siku hiyo nikashindwa kusema sentensi moja. Nikasikia jirani kwa nyuma anamwuliza mama kama apashe chakula, na mama anamjibu, "Pasha, leo nitakula." Nikasema, "Ndiyo, mama. Amesema anajuta sana."

"Kamtaja mwanangu?"

"Amewataja wote, mama."

Akavuta pumzi. Akaniagiza nimwandikie rais barua. Mwambie tumepokea, akasema, mwambie na sisi tuna adabu zetu, mtu akiomba radhi hatumwachi amesimama mlangoni. Nikaiandika kwa Kiingereza changu bora, nikaikunja, nikaitia chini ya godoro. Nilijiambia nimemdanganya mama kwa huruma. Uongo. Niliogopa kulia kwenye simu.

Alhamisi alasiri wanawake wa mtaani walikuja nyumbani kwa mama kusoma Yasini, kama walivyofanya tangu msiba uingie. Walipomaliza, mama akasimama. Haya nilisimuliwa baadaye na jirani. Akasema mbele ya wote kwamba mkubwa wa Marekani amemwomba radhi, binti yake wa London amemsikia kwa masikio yake, na yeye mama amesamehe, hana kinyongo. Wanawake wakaitikia amina. Wengine walilia.

Jioni ileile rais yule akarudi kwenye televisheni. Safari hii alikuwa anatangaza makombora, Afghanistan na Sudan, ya kujibu mabomu ya kwetu. Siku tatu tu baada ya kuungama habari za msichana! Hapahapa London watu walicheka kwamba anafunika fedheha kwa moshi, na wengine wakakataa, wakasema analinda nchi yake. Mimi moyo wake sikuuingia. Nilichokiona ni kwamba alipotaka kupiga, ghafla maiti wetu wakakumbukwa. Hapo ndipo Dar es Salaam ikatajwa kwa ukamilifu, herufi zote.

Ijumaa meneja akanijia mezani, mikono mifukoni, mtu mwema kwa namna yake. Akaniambia lazima nimefarijika, maana sasa waliokufa wamelipiziwa kisasi. Nilimtazama. Singasinga alikuja haraka akanishika kiwiko kabla sijafungua mdomo. "Wacha, dada. Ukimpiga huyu utapoteza kazi, na yeye hatajua ni kwa nini." Nikachukua gazeti la juu kwenye rundo. Kulikuwa na picha ya kiwanda cha Khartoum, vyuma vimepinda. Washambuliaji walisema ni cha sumu ya vita, wenyewe walisema ni cha dawa. Chini kabisa, mstari mmoja, ilisemwa mlinzi aliyekuwa zamu amekufa.

Jumamosi nikampigia mama. Alikuwa ameshasikia kila kitu redioni. Hakupandisha sauti.

"Huko walikopiga," akauliza, "palikuwa na mlinzi?"

"Wanasema alikuwepo mmoja, mama."

Kisha akasema, "Sasa sielewi. Mtu ameomba radhi kwa mlinzi mmoja, kisha siku tatu hazijaisha anaua mlinzi mwingine. Ile radhi aliiombaje? Hebu nirudilie maneno yake, neno kwa neno."

Hapo sikuweza tena. Nikamwambia, "Mama, hakuomba kwako."

"Aliomba kwa nani?"

"Kwa mkewe. Alikuwa na mambo na msichana. Sisi hakututaja kabisa."

Nilikuwa nimeshika waya wa simu kwa mkono wa pili, naukunja na kuukunjua, na laiti angenitukana ningeshukuru.

"Na mimi juzi nimesimama mbele ya watu," akasema mama. "Nimesema nimesamehe."

"Nisamehe mama."

"Wewe nimekusamehe. Lakini usimwambie mtu mwingine. Nitawaambia nini, kwamba nimetoa msamaha kwa mtu asiyejua kama nipo? Waache wajue hivyohivyo."

Barua nikaichana siku hiyohiyo. Mama sikumsikia tena akilitaja jambo lile, hata pale pasipoti ilipotoka nikaenda nyumbani, nikakaa naye kwenye ule mkeka wiki tatu. Gari likipita hakuinua kichwa tena.

Miaka ilipita, marais wengine wakaingia, wakapiga Baghdad, na kila fedheha ikafunikwa na nyingine. Niliandamana hapa London kwenye baridi mpaka sauti ikakauka, binti yangu begani. Mama alikufa kwake, kitandani, nami safari hiyo niliwahi maziko. Wanawake walewale walijaa uani, wamezeeka. Mmoja wao, bibi aliyekuwa akiongoza Yasini, akanishika mkono akawaambia vijana waliokuwa hapo, "Huyu marehemu mlimwona hivi tu. Rais wa Marekani mwenyewe alimwomba radhi, naye akamsamehe." Kisha akanigeukia. "Si wewe ndiye uliyemsikia, mwanangu?"

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa na maneno yote tayari, ya miaka yote ile, na watu wote wananitazama.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Nilimsikia."