Jinsi Muheme Ilivyoingia Kwenye Nota

Siku niliyoanza kazi ya kunakili nota, Mkuu wa Kitengo hakunipa nota yoyote ya kunakili. Alinipa kalamu ya wino, rula na karatasi tupu, akaniambia nichore mistari mitano, halafu mingine mitano chini yake, mpaka mkono uzoee. Kitengo chetu cha uchapaji kilikuwa chumba kimoja katika chuo cha muziki, Dodoma mjini. Madirisha hayakufungika vizuri, na upepo wa kiangazi ulituletea vumbi juu ya wino mbichi. Mimi nilitoka Chemba, binti wa Kisandawe niliyejifunza nota kwenye kwaya ya kanisa na kusomea ukatibu muhtasi. Nilidhani nimeajiriwa kupiga taipu.

Jioni Mkuu aliitazama mistari yangu bila haraka.

"Magreti," alisema, "mtu atakayesoma karatasi hii hatakuona wewe, wala hatamwona aliyeimba. Yeye ana karatasi tu. Ukimdanganya, ataimba uongo kwa moyo wote."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza, na sikuyaelewa sawasawa mpaka baada ya miaka mingi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtunzi alileta wimbo wake umeandikwa ovyo, au alikuja na kanda ya redio, nasi tukauandika safi: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja kwenye mistari yake. Kisha tulikata vipimo, yaani vile vijistari vya wima vinavyogawa muziki ili waimbaji wote wajue pigo zito linaangukia wapi. Ukikosea ukurasa wa mwisho kwa wino, unaanza upya. Niliandikia kwaya za Kongwa, za Mpwapwa, za Manyoni. Niliandikia bendi ya matarumbeta iliyotaka kila mpulizaji awe na karatasi yake. Mkuu alipostaafu, alinikabidhi ufunguo wa chumba na kiti chake chenye mto, basi nami nikawa Mkuu wa Kitengo.

Kompyuta ilipoletwa, wenzangu wawili waliomba kuhamishwa. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuona. Programu ya kuandikia nota inafanya jambo moja ambalo kalamu haikuweza: unaweka nota kwa kipanya au kibodi, ukibonyeza kitufe inakupigia ulichoandika. Mara ya kwanza nilipoisikia ikiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya kinanda, nilitoka nje nikasimama kwenye varanda nikicheka peke yangu.

Mtu wa kwanza kunionyesha kwamba ile sauti haitoshi alikuwa mpiga gitaa mmoja wa Kongwa, jina lake Ndahani. Alikuwa anapiga gitaa kwa namna ambayo ukifumba macho unadhani ni zeze. Chuo kilitaka wanafunzi wajifunze mtindo wake, naye hasomi nota. Vijana wa chuo wakaniambia nimwandikie kwa tabu. Niliwauliza kwa nini kwa tabu wakati kuna njia rahisi! Kumbe ndilo jina lake, lililokatwa kutoka Kiingereza. Ni maandishi yenye mistari sita badala ya mitano, kila mstari ni uzi mmoja wa gitaa, na juu yake unaweka namba inayokuambia ubonyeze kwenye freti ya ngapi, freti zikiwa ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo ya gitaa.

Nilimsikiliza, nikaandika nota, programu ikazigeuza kuwa namba na kunipigia vizuri kabisa. Tukampa mwanafunzi. Alihangaika na vidole mpaka akatokwa jasho.

"Hapa mama hapapigiki," aliniambia. "Mtu angehitaji vidole vya kuazima."

Nilimwita Ndahani, nikamwomba apige taratibu, na safari hii sikutazama vidole tu, nilimuuliza kuhusu nyuzi zenyewe.

"Nyuzi? Hizi mbili nimezilegeza," alijibu, kana kwamba kila mtu anajua. "Bila hivyo si zeze tena, mama."

Basi. Programu ilikuwa inahesabu namba kwa gitaa ambalo nyuzi zake zimekazwa kawaida. Nikaingia kwenye mipangilio ya nyuzi, nikashusha zile mbili, na namba zote za ukurasa zikageuka zenyewe mbele ya macho yetu. Mwanafunzi akalegeza nyuzi zake, akajaribu tena. Muziki ukatoka kwenye gitaa lake kama maji. Ndahani aliisogelea karatasi, akafuata namba kwa kidole chake kinene.

"Kumbe ndivyo vidole vyangu vinavyotembea!" akasema. "Miaka yote hii sijawahi kuviona."

Ndahani alinitangaza kila alikokwenda, nadhani ndiyo maana Mkurugenzi wa chuo aliniita ofisini kwake. Lilikuwa linaandaliwa onyesho kubwa la vijana, wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali, nao walitakiwa kupiga ngoma ya wenyeji, yaani muheme ya Wagogo. Muheme ni ngoma ya wanawake. Mpigaji huibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono mitupu, wengine wakiimba na kucheza kumzunguka. Vijana wale wangefika Dodoma siku chache tu kabla ya onyesho. Ilibidi wajifunze kwa karatasi huko huko makwao.

"Nitakwambia ukweli, Bi Magreti," alisema Mkurugenzi. "Wapo wanaoniambia ngoma haiandikiki, na kwamba siku hizi kila mtu ana simu ya kurekodia, kitengo chako cha nini? Kazi hii ndiyo itakayowajibu. Ama itakujibu wewe."

Nilikwenda Mvumi kumtafuta Bi Sechelela, kiongozi wa kikundi cha ngoma ambacho watu wote wa kule walinitajia. Nilimkuta anapepeta uwele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na nilipojaribu kusema mbukwa kama Wagogo wanavyosalimiana alicheka matamshi yangu, lakini alinipa kigoda. Nilimweleza nilichotaka. Akaacha kupepeta.

"Hao vijana watapiga mbele za watu?"

"Ndiyo, mama. Watu wengi."

"Basi wakikosea, watu watasema ndivyo Wagogo tunavyopiga." Akanitazama. "Andika. Lakini nitakuja kuwasikiliza kabla. Ikiwa si muheme, watapiga kitu kingine, na jina letu mtaliondoa."

Nikakubali. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kukubali. Nikarekodi ngoma na nyimbo zao, nikarudi mjini kuzisikiliza.

Tatizo la kwanza lilikuwa programu yenyewe. Sehemu yake ya ngoma imetengenezwa kwa dramu za bendi: hapa besi, hapa matoazi. Bi Sechelela hana matoazi. Ana ngozi moja na mikono miwili, na kwa mikono hiyo anatoa sauti tatu: nzito, kwa kiganja katikati ya ngozi, kali, kwa vidole ukingoni, na ya kufa, kiganja kinapobaki kimekandamiza ngozi. Nilifuta majina yote ya dramu, nikatengeneza ramani yangu mwenyewe. Sauti nzito nikaiweka mstari wa chini kwa alama ya duara, ile kali juu kwa msalaba, ile ya kufa katikati kwa pembetatu. Hata asiyejua nota angeona mkono unakwenda wapi.

Nilirudi Mvumi na kompyuta ya mkononi nikiwa na furaha. Wanawake wakakusanyika. Nikabonyeza kitufe.

Bi Sechelela alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

"Mapigo yapo yote," alisema. "Lakini hiyo ni cherehani."

Wanawake waliangua kicheko, nami nikacheka pia, ila moyoni niliumia. Kila sauti niliyoandika ilikuwa sahihi, nilishaikagua nota kwa nota. Nilipomuuliza kosa liko wapi, hakuweza kuniambia, na kwa haki kabisa, maana hata mimi nisingeweza kumweleza mtu kwa nini ninatembea ninavyotembea. Badala yake alinifunga njuga miguuni.

"Njoo ucheze," akasema.

Nilikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na viatu vya ofisini. Nikavua viatu, nikaingia katikati yao. Walianza kuimba, nami nikakanyaga pale wimbo ulipoanza, kama nilivyoandika. Njuga zangu zikalia peke yake. Za wengine wote zililia baadaye kidogo. Nikajirekebisha, nikapotea tena. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alinishika kiuno akanivuta pamoja naye, na mara nikaona mguu wangu umeanguka pamoja na miguu yao, na ngoma ile ile niliyoisikia wiki nzima ikageuka kitu kingine masikioni mwangu. Ilipaa.

Nilikuwa nimekata vipimo kuanzia pale mwimbaji anapoanza. Lakini mwimbaji wa muheme huanza mapema, akiwatangulia wachezaji, na pigo zito liko chini ya mguu, siyo mdomoni. Kwa hiyo kila mpigaji anayesoma karatasi yangu angetia nguvu mahali pasipo na mguu wa mtu. Nilipiga kelele, "Nimepata! Nimepata!" nikaiendea kompyuta na njuga zangu miguuni. Nikachagua muziki wote, nikausogeza mbele, vijistari vyote vya wima vikaangukia mahali papya. Kwa kalamu ya wino ingekuwa kazi ya mwezi. Kisha nikaongeza mstari mmoja juu kabisa ya ukurasa, wa njuga, ili hata mtu ambaye hajawahi kumwona Mgogo akicheza ajue mguu uko wapi.

Karatasi zilitumwa mikoani. Vijana walipofika, tuliwakusanya katika ukumbi wa chuo kwa mazoezi, na Bi Sechelela akaletwa pamoja na kikundi chake. Alikaa mbele, mikono mapajani. Mkurugenzi alikaa karibu naye. Mimi nilisimama ukutani kwa sababu sikuweza kukaa.

Aliyeshika ngoma kubwa alikuwa msichana kutoka Kigoma. Alibana ngoma mapajani, akaitazama karatasi yake, akavuta pumzi. Wakaanza.

Ilikuwa muheme. Ilikuwa na lafudhi, kama mgeni anayezungumza vizuri lugha yako, lakini ilikuwa muheme. Nilimtazama Bi Sechelela. Kwanza bega lake lilianza kucheza. Halafu alisimama, akakaza kitenge kiunoni, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika barabarani, akaingia katikati ya vijana. Wanawake wake wote wakainuka nyuma yake. Msichana wa Kigoma aliacha kutazama karatasi. Hakuihitaji tena.

Walipomaliza, Bi Sechelela alimshika yule msichana mikono yote miwili.

"Nani amekufundisha?"

"Karatasi, bibi."

"Basi karatasi hiyo imecheza," alisema, akanigeukia na kunikumbatia mbele ya watu wote.

Mkurugenzi alinifuata ukutani. "Kitengo kinabaki," alisema. "Na uniambie unahitaji kompyuta ngapi."

Sasa nimestaafu. Ninaishi Msalato, nyumba yenye mizabibu michache. Vijana hunijia wakiniuliza programu gani ni bora. Ninawaambia zitabadilika zote, wajifunze yoyote. Kubwa ni kwamba kitufe kikikupigia vizuri usiridhike. Muulize mwenye gitaa amekazaje nyuzi, na kama ngoma inachezwa, nenda ukacheze, hata ukichekwa. Nilichekwa sana katika kazi yangu, na siku nilizochekwa ndizo nilizojifunza zaidi.

Mwaka huu nimeanza kitu ambacho hakuna bosi aliyenituma. Maisha yangu yote niliandika muziki wa watu wengine, kwa hiyo nilikwenda Chemba kwa shangazi yangu kuandika nyimbo zetu. Aliimba ule aliokuwa akitubembelezea, wenye vile vidoko vya Kisandawe, sauti ambazo ulimi huzipiga kama mtu anayebandua kitu.

"Na hivyo vidoko," aliniuliza, "mashine yako inavijua?"

"Haivijui, shangazi. Nimeifundisha."

Nilichapa ukurasa, nikamwekea mkononi. Aliugeuza huku na huku, kisha akanirudishia.

"Mimi siwezi kusoma. Uimbe wewe."

Nikaimba kutoka kwenye karatasi, vidoko na vyote. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Alinisahihisha mahali pamoja tu, halafu akaniambia nirudie, na mara ya pili akaimba pamoja nami.